Kuganga si kutengeneza: Kiswahili cha gari kuukuu kando ya barabara

KUNA swali moja ambalo kila mwenye gari kuukuu anafaa kumuuliza fundi kabla ya kumlipa na kuondoka: “Fundi, umeganga ama umetengeneza?” Wengi wetu hatuliulizi. Siku hizi kitenzi kimoja tu, kutengeneza, ndicho tunachokitwika kila mzigo. Mpira wa petroli uliofungwa kwa raba ya tyubu, tunasema umetengenezwa. Breki zilizowekwa viatu vipya na kujaribiwa, nazo tunasema zimetengenezwa. Kazi ya kwanza ni ya kukufikisha Emali, ya pili ni ya kukurejesha kwa watoto wako kila jioni kwa mwaka mzima. Lugha inapoziita kwa jina moja, inatuficha jambo ambalo linaweza kutuua.

Mpenzi msomaji, tuanze na vitenzi vyenyewe, kisha tuingie chini ya gari. Wahenga walishatuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kutengeneza kumetokana na kutengenea, yaani kuwa katika hali nzuri, kuwa sawasawa. Ukiongeza kiambishi cha kusababisha unapata kufanya kitu kitengenee. Kwa hivyo anayesema ametengeneza ametoa ahadi kwamba kitu kimekuwa sawa. Kukarabati ni zaidi ya hapo: ni kukirudisha kitu katika hali yake ya awali, kama afanyavyo yule anayelivua gari zima rangi, akalichomelea bodi na kulishona viti upya. Kuganga ni habari nyingine. Ni kufunga pamoja kilichovunjika, ni kutibu, ni kupoza. Ndiyo maana mganga ni mganga, na kipande cha ubao au chuma cha kuungia kilichovunjika kikaitwa gango. Ndiyo maana pia mtu anayetafuta kibarua cha siku moja husema anaganga njaa. Hasemi ameimaliza njaa. Anajua kesho itarudi.

Kuganga, basi, ni tiba yenye tarehe ya mwisho.

Mafundi wetu wa jua kali wanaijua tofauti hii hata kama neno lenyewe hawalitumii. Utamsikia mmoja akisema, “Mzee, hapa nimekufungia tu. Ukifika tao, mwambie fundi wako akufanyie kazi ya ukweli.” Msikilize vizuri. Kufungia tu ndiko kuganga. Tena lugha ya gereji zetu imejaa maneno ya hospitali: gari linakohoa, injini inapumua vibaya, betri imekufa, gari linakunywa mafuta kuliko kawaida yake. Aliye na mgonjwa barabarani anahitaji huduma ya kwanza, na huduma ya kwanza haijawahi kuwa upasuaji.

Watangulizi wetu wa pwani waliijua kanuni hii kabla ya injini kufika. Baharia hakung’oa nanga bila pamba na mafuta ya kukalafatia mianya ya mbao, kamba za ziada na kitambaa cha kutilia tanga kiraka. Maji yakianza kujaa ngamani hakungoja kufika bandarini ndipo atafute pamba. Haikuwa ajabu, basi, kwamba gari lilipofika kwetu tulilipa usukani, neno la chombo cha baharini. Tulichokisahau ni kulipa na lile sanduku la baharia.

Mgonjwa wa somo letu

Tuchukue gari moja mahususi ili tusizunguke mbuyu: Volkswagen Beetle, ile ya mgongo kama wa kobe. Wakenya wengi wenye mapenzi na magari ya zamani huanzia hapo au kwa Peugeot 404 na 504. Beetle ina historia yake hapa kwetu. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 ilikuwemo, na mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda akiwa ndani yake. Ya mwisho duniani iliundwa nchini Mexico mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutoka viwandani. Kwa hivyo hata iliyo changa kuliko zote sasa imepita miaka ishirini, na nyingi tunazoziona barabarani ni ajuza. Ajuza hasafiri bila mkoba wa dawa.

Gari hili lina tabia zake. Injini iko nyuma, na mizigo huwekwa mbele, kwa hivyo ukimwambia kijana wa siku hizi afungue boneti atakuletea tairi la akiba. Injini yenyewe haina maji wala rejeta. Inapozwa na upepo wa feni, na feni hiyo inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha dainamo.

Hapo ndipo maarifa ya kwanza yanapoanzia. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa mwendoni, usiseme ni betri tu. Simama, fungua mlango wa injini, utazame mkanda. Kama mkanda upo na unazunguka, dainamo ndiyo iliyogoma. Feni bado inapuliza, na mchana, bila kuwasha taa za mbele, betri yaweza kukusogeza mbali. Kama mkanda umekatika, feni imesimama, na injini itajipika yenyewe kwa dakika chache. Taa ni moja, maana ni mbili, na gharama ya kuzichanganya ni injini nzima.

Watu husimulia habari za kufunga soksi ndefu za kina mama badala ya mkanda. Inawezekana kwa mwendo mfupi sana, lakini feni ya Beetle ni nzito, na soksi hukatika upesi. Afadhali mkanda wa ziada, ambao ni mwepisi na haujazi hata mfuko wa kanzu. Kuuvalisha ni kazi ya robo saa. Puli ya juu imegawika vipande viwili, na katikati mna washa nyembamba. Ukitoa washa, mkanda unakaza, ukiongeza, unalegea. Zile ulizotoa zirudishe upande wa nje chini ya nati zisipotee. Ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba, unafaa kuingia ndani takriban sentimita 1.5. Ukikaza kupita hapo utaua beringi za dainamo.

Petroli, cheche, hewa

Gari likizima, usianze kufungua kila nati uionayo. Injini ya petroli huomba vitu vitatu: petroli, cheche na hewa. Uliza kimoja baada ya kingine.

Anza na petroli, na usione haya kuangalia kama ipo. Beetle za miaka ya 1950 hazikuwa na geji ya petroli. Dereva alikuwa na kijimkono cha kufungulia akiba tangi likikaribia kukauka. Kama tangi lina kitu, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, kisha umwombe mwenzako azungushe stata kidogo. Isipotoka, kichujio kimeziba au pampu imechoka. Ikitoka na injini bado inagoma, huenda vumbi limeziba jeti ya kabureta. Ifungue, uipulize kwa mdomo. Usiichokonoe kwa waya! Kitundu chake kimepimwa, na ukikipanua gari litakuwa likinywa petroli hadi siku ya kufa kwake.

Nyakati nyingine petroli ipo lakini imegeuka mvuke ndani ya bomba kwa ajili ya joto, hasa ukiwa umepanda mlima mchana na kusimama kwenye foleni. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kufungwa kwenye pampu na bomba, kisha subira ya dakika kumi, hutosha. Hii ni ganga halali kabisa, maana haiachi kasoro nyuma yake.

Ukiridhika na petroli, tafuta cheche. Rudisha kila mpira mahali pake kwanza, ukaushe iliyomwagika. Chomoa waya mmoja wa plagi, uvalishe plagi nyingine, uilaze kwenye chuma cha injini, kisha stata izungushwe. Cheche ya buluu iliyo kali ni salama. Cheche ya manjano iliyodhoofu, au kutokuwapo kwake, inakupeleka kwa distributa. Humo mna kontakti, yaani vile visahani viwili vinavyogusana na kuachana, na nafasi baina yake ni milimita 0.4. Ukikosa kipimo, kadi ngumu ya aina ile wanayopeana wafanyabiashara hukaribia unene huo. Ukishatengeneza nafasi na cheche bado inalegea, shuku kondensa. Ni kidude kidogo, bei yake ni ndogo, lakini kikifa gari hufa nacho.

Gango linaloshika na gango linalodanganya

Ganga nzuri ina sababu. Chukua mfano wa sabuni ya mche. Tangi la petroli likitobolewa na jiwe, kipande cha sabuni kilichokandwa na kusuguliwa kwenye tundu huzuia petroli isivuje. Kwa nini? Kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Jirani yako mwenye Peugeot, akiona maajabu hayo, asiende kuziba rejeta yake kwa sabuni hiyohiyo, kwani maji yanaiyeyusha mara moja. Dawa ni moja, ugonjwa ni tofauti.

Wenye rejeta hutumia pilipili manga au ute wa yai. Chembe huzunguka na maji hadi kwenye ufa, zikakwama pale. Lakini hazichagui ufa. Zinakwama pia katika vijia vyembamba vya rejeta, kwa hivyo ukifika mjini ni lazima isafishwe. Tena usifungue kifuniko cha rejeta iliyochemka. Maji yaliyo chini ya shinikizo yamepita kiwango cha kuchemka, na ukilegeza kifuniko yatakurukia usoni. Kumbuka pia kuwa Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi takriban 94, na Timboroa chini zaidi. Rejeta inayovuja shinikizo itakuvumilia Mombasa na kukuaibisha ukipanda.

Waya wa klachi ukikatika, gari bado linaenda. Zima injini, tia gia ya kwanza, kisha uwashe. Litaruka kama punda aliyechomwa mwiba, lakini litaondoka. Panga safari yako usisimamesimame. Waya wa ekseleta ukikatika, kaza skrubu ya kabureta inayoshikilia mwendo wa injini ikiwa imetulia, izunguke kwa kasi kiasi, nawe utambae kwa gia ya pili hadi kwenye gereji ya karibu. Hizo zote ni ganga. Zina umbali wake, na zina mwendo wake.

Sasa tuje kwa gango linalodanganya. Fyuzi ikiungua, kuna wanaoifunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na taa zikawaka tena. Wanashangilia. Fyuzi ni mlinzi aliyeandikwa kufa kwanza ili waya usiungue. Ukimfanya asiweze kufa, umeliacha lango wazi kwa moto. Mpira wa petroli uliopasuka nao hauhitaji raba wala tepu ya umeme, kwa sababu petroli huila gundi. Katika Beetle mpira huo hupita juu na kando ya injini yenye joto na cheche, na magari mengi ya aina hii yameteketea kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho hakifiki urefu wa mkono. Beba mita moja ya mpira mpya na klipu za kuukazia. Hapo kutengeneza ni rahisi kuliko kuganga, kwa nini ugange?

Na breki? Breki haigangwi. Beetle nyingi za zamani zina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Pakivuja pamoja, umepoteza zote. Wapo wanaoongeza maji. Maji huchemka mteremkoni yakageuka mvuke, na mvuke hubonyezeka, kwa hivyo pedali inaingia hadi sakafuni nawe unakwenda tu. Wapo wanaotia oili ya injini. Oili hiyo huvimbisha raba za ndani na kuharibu kila kitu. Ukipoteza breki, tafuta lori la kukubeba, hata kama nauli yake inauma. Atakayekwambia “hiyo itakufikisha, mzee,” muulize: itanifikisha wapi?

Cha kubeba na cha kuacha

Kamusi hutupa neno vipuri, barabara hutupa spea. Yote mawili ni halali; la kwanza andika kwenye mtihani, la pili litumie kwenye barabara ya Kirinyaga ukitaka muuzaji akuelewe upesi. La msingi ni kujua upi ubebe. Nina kanuni mbili.

Ya kwanza: beba kitu kidogo ambacho kikifa gari halisogei. Mkanda, kontakti, kondensa, rota, plagi mbili, mpira wa petroli na kichujio chake, fyuzi, waya wa klachi na wa ekseleta, na lita moja ya oili. Injini yenyewe huchukua lita 2.5 tu, kwa hivyo lita moja si jambo dogo. Ya pili: beba kitu ambacho fundi wa njiani hawezi kuwa nacho, hata kama wewe hujui kukifunga. Kibwezi na Makindu kuna mikono hodari ya mafundi, lakini pampu ya petroli ya gari la 1968 haingoji dukani. Mikono utaikuta, kipuri uende nacho.

Kwa zana, spana chache zinazoingia nati za gari lako, bisibisi mbili, koleo, jeki uliyokwisha kuijaribu, tochi, waya laini wa kufungia na vipande vya raba ya tyubu, vile ambavyo watu wa bodaboda huviita blada. Yaliyobaki ni uzito.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameona raba ndani ya buti lenye joto. Mkanda uliokaa miaka kumi bila kazi unaweza kupasuka siku ya kwanza ya kuvaliwa, na petroli ya kwenye mtungi nayo hupoteza nguvu. Kwa hivyo nawashauri mfanye kinyume cha mazoea. Mkinunua kipuri kipya, kifungeni kwenye gari, na kile cha zamani ambacho bado kinafanya kazi ndicho kiwekwe akiba. Hapo mmejua mambo matatu: kipya kinaingia, si bandia kilichofungwa kwa karatasi nzuri, na nati zake hazijashikwa na kutu. Tairi la akiba nalo lipimwe upepo kabla ya kila safari. Beetle nyingi huazima upepo wa tairi hilo kurusha maji ya kioo, na mdeni asiyeangaliwa hukuta mfuko mtupu.

Lugha ya matawi

Kuna msamiati mmoja wa barabarani usiotamkwa. Ukiona matawi mabichi yamepangwa kwenye lami, huhitaji mkalimani: mbele kuna gari limekwama. Matawi ni ishara nzuri, lakini usiku hayang’ai. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali, hatua hamsini au zaidi, mbele na nyuma, kabla hata hujafungua mlango wa injini. Magurudumu yatiwe kabari ya jiwe gari lisibingirike. Kisha, na hapa ndipo wengi tunapokosa adabu, ukimaliza kazi ondoa mawe. Jiwe lililokuwa kabari yako saa kumi jioni ni kaburi la mwendesha pikipiki saa mbili usiku. Sentensi uliyoianza barabarani, itilie nukta.

Tunawafunza wanafunzi wetu orodha ndefu za ala za muziki na majina ya wana wa wanyama, na ni vyema. Lakini kabureta, kondensa, kabari, gango na ganga navyo ni Kiswahili, na anayevijua anaweza kumweleza fundi hitilafu kwa simu akiwa katikati ya mbuga. Mwalimu aliye na gereji karibu na shule awapeleke wanafunzi wake huko asubuhi moja wakiwa na daftari, waandike kila neno wanalolisikia na kazi ya kila kidude. Watarudi na msamiati ambao kamusi nyingi bado zinaungojea.

Nanyi wenye magari kuukuu, chukueni kipande cha kadi na uzi. Kila mnapoganga, andikeni siku, mahali na kilichofungwa, kisha mkitundike kwenye usukani. Kadi hiyo isitoke hapo mpaka ganga itakapokuwa imetengenezwa.